Jina Refu la Mchunga

Katika soko la Mbuyuni mjini Moshi mchunga huuzwa kwa mafungu, pamoja na mnafu na majani ya maboga. Ni mboga chungu. Kuna wanaoichemsha na kumwaga maji ya kwanza, na kuna wanaoona kwamba kumwaga maji hayo ni kuimwaga mboga yenyewe. Ukivunja shina lake hutoka utomvu mweupe unaonata vidoleni. Muuzaji akiulizwa jina atajibu "mchunga", na habari itaishia hapo. Vitabuni mboga hiyohiyo inaitwa Launaea cornuta (Hochst. ex Oliv. & Hiern) C.Jeffrey, na wasomaji wengi huyaruka yaliyomo kwenye mabano kama wanavyoruka masharti ya mkataba wa laini ya simu. Kwangu mimi, ufundi wa watu wanaoitambua mimea na kuieleza umejificha humohumo.

Hochst. ni Christian Ferdinand Hochstetter, mchungaji wa Esslingen huko Ujerumani, ambaye mikononi mwake ilipita mimea mingi iliyokaushwa kutoka kaskazini-mashariki mwa Afrika. Alilitunga jina, lakini hakulichapisha kwa utaratibu unaotakiwa. Mwaka 1877 Daniel Oliver na William Philip Hiern, katika juzuu ya tatu ya Flora of Tropical Africa, walilichukua jina hilo, wakaliandikia maelezo kamili na kulitoa rasmi: Sonchus cornutus. Kile kineno "ex" ndicho kinachokiri kwamba jina lilikuwa na mwenyewe kabla yao. Mwaka 1966 Charles Jeffrey wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, aliyekuwa akiipitia upya jamaa ya mchunga katika Afrika Mashariki, aliona mmea huu umewekwa katika jenasi isiyo yake. Akauhamishia Launaea, na waliomtangulia wakaingia ndani ya mabano. Hakuna aliyefutwa. Sijui taaluma nyingine ambayo kila mara unapoitaja kazi ya mtu unalazimika, kwa kanuni ya kimataifa, kutaja na wale aliowasahihisha.

Sababu ya kuuhamisha haionekani sokoni. Inabidi uende shambani asubuhi, kwa sababu maua ya mchunga hayangoji mchana. Jua likishika kasi yamekwisha jifunga. Chuma ua moja la njano. Hilo unalodhani ni ua moja ni mkusanyiko wa maua mengi madogo yaliyobanwa pamoja ndani ya kikombe cha vijani vya kijani. Ng'oa utepe mmoja wa njano kwa kibano, uuweke chini ya lenzi. Kwenye ncha yake utaona meno matano: ni petali tano zilizoungana zikawa kitu kimoja. Chukua sasa utepe wa pembeni wa alizeti. Meno hayo matano huyapati. Chini ya utepe wa mchunga kuna kijimbegu kichanga, na juu ya kijimbegu pete ya manyoya meupe ambayo baadaye yatashika upepo. Katikati kuna mrija wa chavua, na ndani ya mrija huo kikonyo kinachokua kwenda juu kikiisukuma chavua mbele yake hadi nje. Vyote hivyo katika kitu ambacho ukikipulizia pumzi kinapotea mezani.

Hoja iko kwenye mbegu. Za Sonchus wa kweli zimekaa bapa. Za Launaea zina umbo la nguzo ndogo yenye mbavu. Ni tofauti ya sehemu ya milimita, lakini hujirudia mmea kwa mmea na nchi kwa nchi, wakati ukubwa wa jani hubadilika kwa sababu ya mvua au mbolea ya ng'ombe. Anayeielezea mimea hutumia sehemu kubwa ya maisha yake akitafuta kipi hakibadiliki. Hawezi kukipata kwa kuangalia mmea mmoja. Hupima mingi, ya mabondeni na ya vilimani, ya kivulini na ya juani, kisha huandika "kutoka sentimita hizi hadi hizi". Kila ukisoma kifungu cha namna hiyo katika kitabu cha mimea, nyuma yake kuna mtu aliyekaa na rula.

Maelezo yenyewe yana mtindo wake, na mimi huusoma kwa raha ambayo wengine huipata kwenye mashairi. Kwa mchunga yangekuwa hivi: mmea wa kudumu, wenye mizizi itambaayo, shina wima, lenye uwazi ndani, lenye utomvu mweupe, majani membamba, mazima au yenye mapande machache yaliyochongoka, kitako chake kikilikumbatia shina kwa masikio mawili, vichwa vya maua vingi, vidogo, juu ya matawi yaliyotawanyika, maua yote ya utepe, njano iliyofifia, manyoya ya mbegu meupe. Hakuna "mzuri" wala "wa kuvutia" humo. Vitenzi ni vichache sana. Kila neno limewekwa ili mmea mwingine ukataliwe: "uwazi ndani" linawafukuza wale wenye shina lililojaa, "masikio mawili" linawafukuza wasio nayo. Ukiondoa neno moja, mgeni anaingia.

Huko Ulaya ndugu wa mchunga anayejulikana kuliko wote ni dandelioni, ua la njano la bustanini ambalo likikomaa huwa tufe la manyoya na watoto hulipuliza. Kwa mtembea kwa miguu dandelioni ni moja. Kwa watu wa fani hii ni zaidi ya spishi 2,000, na Uingereza na Ireland peke yake zimeorodheshwa zaidi ya 200. Dandelioni nyingi hutoa mbegu bila kurutubishwa: binti ni nakala ya mama yake, na mjukuu vivyo hivyo, hata ukoo mmoja ukaenea mabonde mengi bila kuchanganyika na ukoo wa jirani. Basi tofauti ndogo hubaki palepale. Mtaalamu huangalia kama vijani vya nje vya kikombe vimelala, vimesimama au vimepinda kwenda chini. Rangi ya mguu wa jani. Kama chavua ipo au haipo. Rangi ya mbegu na koni ndogo iliyo juu yake. Lazima avune katika majira ya kuchipua, kwa maana majani ya baadaye hudanganya, na lazima akaushe haraka kabla rangi haijapotea. Wataalamu wengi wa mimea hukohuko wamekata tamaa, wakaziita zote Taraxacum officinale na kwenda nyumbani. Nadhani wana haki ya kuchoka. Hawana haki ya kusema kwamba wenzao wanaona visivyokuwepo.

Kilimanjaro haina utitiri huo wa dandelioni, lakini familia ni hiyohiyo moja, nayo imepanda mlima hadi mahali ambapo mimea mingine ya maua imeshindwa. Mwezi Agosti 1871 Charles New, mmisionari aliyekuwa Ribe karibu na Mombasa, alipanda kutoka Moshi kwa Mangi Rindi, yule ambaye wageni walimjua kwa jina la Mandara, akaifikia theluji. Aliteremka na mimea. Mmoja wao, wa jamii ya yale maua makavu yasiyonyauka, ulifika mezani kwa Oliver na Hiern, nao wakauita Helichrysum newii. Ni katika kazi ileile ya 1877 ambamo mchunga ulipata maelezo yake. Kwa hiyo mboga ya Mbuyuni na ua hili lililokuja kuonekana kwenye kimo cha zaidi ya mita 5,600, karibu na matundu ya mvuke ya kilele cha Kibo, viliandikwa na watu haohao wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga Moshi.

Hilo huwaudhi baadhi ya wasomaji wa leo, na wana sababu. Waliobeba mizigo, waliojua njia, waliosema mmea upi huota wapi, majina yao hayakuingia kwenye mabano. Hata hivyo si sahihi kudhani kwamba kukaa mezani kulikuwa kazi nyepesi. Kusema "huu ni mpya" ni kusema "nimeiona yote ya zamani", na ya zamani iko kwenye makabati ya hifadhi za mimea mikavu. Mlimani unaona mmea mmoja kwa wakati mmoja. Kabatini unaweza kuweka sampuli ya Kilimanjaro kando ya ile ya Meru, ya Elgon na ya Ruwenzori, juu ya meza moja, ukaitazama asubuhi nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya spishi mpya za mimea zilizoelezwa ndani ya miaka mitano tangu zikusanywe. Karibu robo zilihusisha sampuli zilizokaa makabatini zaidi ya miaka 50. Huenda wakusanyaji wengi walikuwa wamekwisha kufa, mmea ukiwa bado unamsubiri mtu wa kuutambua.

Anayetaka kuona subira hiyo ikijaribiwa aende kwa senesio, ile miti ya ajabu ambayo kila mpanda mlima huipiga picha karibu na kituo cha Horombo, penye kimo cha mita 3,720. Nayo ni ya familia ya mchunga. Shina lake hujivika majani yake yaliyokufa, na koti hilo huukinga mti na baridi ya usiku. Majani mabichi ya juu hujikunja kulilinda chipukizi la katikati. Harry Johnston, aliyetumwa mwaka 1884 kukusanya wanyama na mimea ya Kilimanjaro, alirudi na sampuli, na Oliver akauita mti huo Senecio johnstonii. Mwaka 1922 Johannes Mildbraed wa Berlin akasema kuna mwingine, Senecio kilimanjari. Miaka michache baadaye Hutchinson na Taylor wakaongeza Senecio cottonii. Olov Hedberg, Msweden aliyezunguka milima yote mirefu ya Afrika Mashariki, akatoa mwaka 1957 kitabu kizima cha mimea ya kileleni. Mwaka 1973 David Mabberley akaona wenzake wametenganisha mno, akawakusanya wengi wao chini ya johnstonii mmoja mwenye spishi ndogo nyingi. Mwaka 1978 Bertil Nordenstam akawapa senesio hawa jenasi yao wenyewe, Dendrosenecio. Mwaka 1993 Eric Knox akawatenganisha tena: spishi 11, na mlimani kwetu akarudi kilimanjari, safari hii cottonii akiwa ndani yake.

Msomaji anaweza kudhani watu hawa walikuwa wakicheza. Nionavyo mimi, kila mmoja alijibu swali moja kwa ushahidi aliokuwa nao. Senesio wa ukingo wa msitu na senesio wa juu hukutana, na katika makutano hayo kuna miti isiyojua ni ya upande upi. Mlima huu unapenda mambo hayo: hata zile Impatiens za njia ya Marangu, ile nyekundu ya Kilimanjaro peke yake na ile ya zambarau iliyoenea Afrika Mashariki, huzaliana na kutoa chotara msituni. Anayetazama makutano ataunganisha. Anayetazama ncha mbili atatenganisha. Mimi namwegemea Knox, kwa sababu yeye na Jeffrey Palmer, mwaka 1995, waliongeza ushahidi wa vinasaba. Picha iliyotoka ni kwamba senesio hawa walianzia Kilimanjaro katika miaka milioni moja hivi iliyopita, kisha wakaenda kwenye milima mingine. Lakini namheshimu Mabberley kwa kuwalazimisha wote waeleze mpaka wao uko wapi.

Mabishano hayo yote yanaonekana kwenye karatasi ambayo mmea mkavu umebandikwa. Sampuli inapotazamwa na mtaalamu, naye akaona jina limekosewa, halifuti wala halibandui. Hubandika kikaratasi kidogo pembeni chenye jina analoona ni sahihi, jina lake na mwaka. Karatasi ya senesio mmoja inaweza kuwa na Senecio johnstonii kwa wino wa zamani, juu yake Senecio cottonii, kando yake Senecio johnstonii subsp. cottonii, na mwisho Dendrosenecio kilimanjari iliyochapwa kwa kompyuta. Mmea umekaa katikati, mkavu, na mabishano yameuzunguka.

Kuuweka senesio kwenye karatasi hiyo ni kazi ya nguvu kwanza. Karatasi ina urefu wa sentimita 42 hivi. Jani ni refu kuliko hapo, na mti una mita 5 na zaidi. Hukatwa jani moja zima kuanzia kitako hadi ncha, likakunjwa mara mbili au tatu huku upande wa chini ukiachwa uonekane mahali pamoja, kwa kuwa sufu ya chini ya jani ni ushahidi. Huchukuliwa tawi moja la maua, siyo mkungu wote. Kipande cha shina huhifadhiwa mbali. Yote huingia kati ya magazeti na maboksi yaliyofunguliwa, yakafungwa kwa mikanda kwenye presi ya mbao, yakakaushwa juu ya moto mdogo, magazeti yakibadilishwa kila siku. Kwenye unyevu wa ukanda wa msitu, presi iliyosahauliwa siku mbili huota ukungu. Wagumu wanaobeba mahema na vyakula huibeba na presi hiyo, na uzito wake hauko kwenye majani bali kwenye magazeti yaliyolowa.

Kisha daftari. Mmea mkavu hausemi ulikuwa na harufu gani, utomvu wake ulikuwa mweupe au wa njano, ua lilikuwa la rangi gani kabla halijageuka hudhurungi, uliota kando ya mfongo (mfereji wa maji) au kwenye mwamba. Yasipoandikwa siku ileile yamepotea. Jina la wenyeji nalo huandikwa. Peter Greenway, aliyekuwa Amani kule Usambara, alikusanya majina kama hayo hadi akatoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937. Jina la wenyeji husaidia sana kumrudisha mtafutaji shambani, ingawa halikati shauri: mchunga wa kijiji kimoja ni Launaea, wa kijiji kingine ni Sonchus, na wote wawili wanaliwa.

Tangu 1935 hadi mwisho wa 2011 mmea mpya ulipaswa kutambulishwa kwa Kilatini. Tangu Januari 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa. Kanuni hutaka hilo kwa maelezo au utambulisho mfupi tu. Mengine yote mtu anaweza kuyaandika kwa Kiswahili, na kwa lugha yenye malaika, vinyweleo, sufu na manyoya, sioni angekwama wapi.

Kitabu kikubwa cha kazi hii, Flora of Tropical East Africa, kilianza kutoka 1952 na kukamilika 2012: spishi 12,104 za Uganda, Kenya na Tanzania, 1,500 kati yake zikiwa hazijawahi kuelezwa kabla. Sehemu ya kwanza ya familia ya mchunga, iliyoongozwa na Henk Beentje, ilitoka mwaka 2000. Nyuma ya kitabu hicho kuna wakusanyaji wa hapa ambao bila wao makabati yangekuwa matupu. Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wao, na mwaka 2009 jenasi nzima ya miti ya misitu ya pwani ilipewa jina lake: Mwasumbia.

Kila spishi iliyoelezwa hufungwa na kielelezo kimoja, ile sampuli ambayo jina limetundikwa juu yake. Watu wakibishana kizazi hata kizazi, hurudi kwenye karatasi hiyo. Ndiyo maana usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 ulikuwa msiba hata kwa Marangu. Georg Volkens alikuwa amefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Marangu kuanzia 1892 hadi 1894, akautembea mlima na kukusanya mimea, na mwaka 1897 akachapisha kitabu kinene juu ya Kilimanjaro. Sampuli zake zilikwenda Berlin, na mabomu ya usiku ule yakateketeza sehemu kubwa ya hifadhi ya mimea ya huko, Dahlem. Majina mengi ya mimea ya mlima huu yalibaki hayana mahali pa kutundikwa. Yaliyookoka yaliokolewa na desturi moja: mkusanyaji hakaushi tawi moja, hukausha kadhaa kutoka mmea uleule, kwa namba ileile, na nakala hugawiwa hifadhi mbalimbali. Karatasi iliyokuwa London au mji mwingine ikapandishwa cheo, ikawa kielelezo badala ya ile iliyoungua. Leo mkusanyaji anayeshuka Kilimanjaro na presi yake huacha seti moja kwenye hebaria, hifadhi ya mimea mikavu ya taifa, iliyoko Arusha kabla nyingine hazijavuka mpaka.